Itazame Kwanza Bila Sauti

Irbid, 11 Februari 2019

Mwalimu Nuhad,

Salamu nyingi. Sijui baridi ya Amman ikoje, ya huku bado inang'ata. Nakutumia kipande cha saba, Bibi Fidda mlangoni. Uliagiza kila kipande cha katuni kije na barua yake, na barua iseme kwanza mhusika anasema nini, halafu anaficha nini. Haya. Bibi Fidda anamwambia mjukuu wake, "Nenda zako Akaba, mwanangu, mimi sina shida yoyote." Anachoficha ni kwamba shida anayo. Ndiyo yote niliyoweza kuandika, nisamehe. Usiku mzima nimelala saa tatu tu.

Mikono yake nimehangaika nayo siku nne. Wa kulia umeshika mlango, wa kushoto unapanga ushungi, kisha yote miwili inamfukuza mjukuu kwa upole, kisha inarudi kifuani. Pamoja na kipande nimekutumia ile video ya kioo, nilivyojirekodi nikiigiza mbele ya kioo, ili uone mwili nimeutoa wapi. Hali ya nyumba usiitazame. Huyo aliyekaa kwenye godoro nyuma yangu ni binti yangu Mayar, ana miezi kumi na moja, na hiyo nyekundu usoni ni nyanya.

Mama mkwe alipanda kutoka chini nikiwa katikati ya kurekodi. "We Rudaina, unamlilia nani humu ndani?"

"Niko kazini, mama."

"Kazi! Wifi yako yuko benki, anavaa viatu vya kisigino. Wewe kazi yako kukunja uso kama mtu aliyeuma limau."

Nikamwambia leo peke yake nimeshauma malimau arobaini. Akacheka mpaka akakaa, akanishikia mtoto nusu saa. Mungu ambariki.

Mume wangu Laith harudi mpaka Alhamisi ya wiki ijayo. Bandarini wamewaongezea zamu.

Rudaina


Amman, 14 Februari 2019

Rudaina,

Nimekitazama kipande chako kama ninavyotazama kazi ya kila mtu: bila sauti, mara tatu. Sauti ikizimwa, Bibi Fidda ni mwanamke anayefukuza nyuki.

Mikono yako inapiga kelele. Anayedanganya kwa mapenzi hapungi mikono, anaituliza, maana anajua itamsaliti. Muulize mzee yeyote wa kwetu, "Umekula?" naye hajala. Mdomo utakuambia "Alhamdulillahi," na mabega yatashuka. Kidogo sana. Kila sekunde tunachora picha ishirini na nne. Mabega yashuke ndani ya picha nne tu, basi. Atakayeona ataona.

Na mdomo usiufungue kwa kila herufi. Kikongwe aliyechoka hatamki hivyo. Kwenye M na B mfunge midomo, kwingine uache maneno yateleze.

Video yako ya kioo imekishinda kipande chenyewe. Na huyo binti yako! Ulimkusanyia vidole vitano, "subiri," akasubiri. Ukamnyooshea mkate, akakunyanyulia nyusi na kidevu juu: hataki. Miezi kumi na moja anasema hapana kama mzee wa soko la mji wa Salt. Nimewaonyesha ofisini, wameshamwajiri.

Kipande urudie. Mpaka tarehe ishirini na nane sina haraka. Baada ya hapo ninayo.

Nuhad


Irbid, 2 Machi 2019

Mwalimu Nuhad,

Kipande cha saba hiki hapa kwa mara ya tatu. Mikono nimeifunga mbele ya tumbo, moja juu ya nyingine. Mabega picha nne. Nilipozima sauti nikajikuta namwambia mjukuu asiende, nikajua ama kimekuwa kizuri ama nimechoka kupita kiasi.

Kwenye barua ya juzi umeuliza nafanyaje kazi na mtoto. Nafanya akilala, na Mayar analala vizuri. Wiki hii wanapasua barabara yetu kutoka asubuhi, mashine ile ya kutoboa lami iko chini ya dirisha, vikombe vinatembea vyenyewe kabatini, naye analala kama yuko kwenye pamba. Jirani ana mtoto wa umri huohuo, yeye mlango ukifungwa tu anaamka analia. Ananiuliza nampa nini. Nimemwambia nampa mama aliyechoka, hana wa kugombana naye.

Haongei bado. Ila anaelewa kila kitu. Nikinyanyua uso hivi anajua twende kuoga, nikivimbisha mashavu anajua baba yake kapiga simu. Mama mkwe hapendi. Jana alipanda analalamika, "Mwanao nimemwita mara tano, hata kugeuka hakugeuka. Hicho kiburi cha kwenu Ramtha, nakijua. Mama yako naye huitwa mara tano."

"Anakuwa ameshughulika, mama."

"Kashughulika na nini, anaandika barua kwa mfalme?"

Nikazunguka mbele ya Mayar nikamwita, akanirukia shingoni. Nikamwambia mama mkwe, unaona? Akasema basi mimi ndiye nisiyependwa, akashuka. Baadaye akaleta sahani ya malfufi, kabichi iliyoviringishiwa wali, kwa hiyo hasira haikuwa kubwa.

Rudaina


Amman, 5 Machi 2019

Rudaina,

Kipande cha saba kimepita. Niliwaita vijana wawili wapya nikawaonyesha bila sauti, mmoja akaniuliza, "Mbona anamwachia aende kama hataki?" Nikawaambia haya ndiyo mnayolipwa kuyafanya.

Nakupa kipande cha kumi na mbili na cha kumi na tatu. Bibi Fidda peke yake jikoni. Hakuna maneno, kazi yote iko mwilini. Nitumie video za kioo kila wiki, hata kama kipande hakijaiva. Mwili wako unafikiri vizuri kuliko barua zako, usikasirike.

Nuhad


Amman, 7 Aprili 2019

Rudaina,

Barua hii nimeiandika na kuifuta kwa siku tisa. Leo naituma ilivyo.

Tarehe ishirini na tisa Machi, fundi wetu wa sauti alitaka kusikia unavyovuta pumzi kwenye kile kipande cha jikoni. Akaja mezani kwangu, nikafungua video yako ya kioo, naye akawasha sauti. Mimi unanijua, video zako zote huzitazama kimya. Ndiyo kanuni yangu, naifundisha miaka kumi na tano. Siku ile nilizisikia kwa mara ya kwanza.

Sekunde ya arobaini na moja kuna kitu kinaanguka jikoni kwako, nadhani ni kifuniko cha sufuria. Wewe unaruka. Paka wa dirishani anaruka. Mayar amekupa mgongo, anapanga vibanio vya nguo. Anaendelea kupanga vibanio vya nguo. Nikarudisha nyuma nikahesabu picha moja moja. Sekunde nane, picha mia moja tisini na mbili. Bega halikusogea, shingo haikukaza, mkono uliokuwa unashusha kibanio uliendelea kwa mwendo uleule. Ndipo wewe ukapita mbele ya dirisha, mwanga ukabadilika, naye akageuka.

Nikazirudia zote saba kwa sauti. Kwenye moja gari la kuuza mitungi ya gesi linapita mtaani na muziki wake, karibu kabisa. Kwenye nyingine mama mkwe wako anaita kutoka kwenye ngazi. Kila anapogeuka, kuna kitu amekiona kwanza. Uso wako, kivuli, pazia.

Wewe humwiti kwa sauti, Rudaina. Unamwita kwa mwili mzima, na unajua kuutumia mwili kuliko mtu yeyote niliyemfundisha. Nadhani ndiyo sababu hakuna aliyegundua, hata mimi niliyemcheka nyusi zake.

Mimi si daktari, na sikujaliwa kuzaa. Kazi yangu ni kutazama miili. Mpeleke wakampime masikio.

Nuhad


Irbid, 9 Aprili 2019

Bi. Nuhad,

Naambatisha kipande cha kumi na tatu.

Anachosema mhusika: hasemi kitu. Anachoficha: hakuna.

Kuhusu hayo mengine, binti yangu ni mzima. Mimi niko naye saa ishirini na nne, nawe umemwona dakika mbili mbili kwenye kompyuta. Mtoto akicheza huwa hasikii la mtu, mwenye mtoto anajua. Umesema mwenyewe hukujaliwa, basi mengine ungewaachia waliojaliwa.

Video za kioo sitatuma tena.

Rudaina al-Zoubi


Amman, 10 Aprili 2019

Rudaina,

Kipande cha kumi na tatu kimepita. Cha kumi na nne nitakutumia Jumapili.

Nuhad


Irbid, 2 Mei 2019

Bi. Nuhad,

Kipande cha kumi na tano kimeambatishwa.

Na kwa kuwa najua hujaacha kufikiri: jana nilimjaribu. Nilikaa nyuma yake, nikachukua sinia na mwiko, nikapiga mara moja. Amegeuka. Hapohapo. Nikapiga tena, akageuka akacheka, akataka kuchukua mwiko.

Nimekuandikia ili usipate taabu.

Rudaina


Amman, 2 Mei 2019

Rudaina,

Ulikaa wapi? Mlikuwa juu ya godoro moja? Sinia lilikuwa mkononi, au uliliegemeza sakafuni?

Nijibu hilo tu, halafu nitanyamaza kabisa.

Nuhad


Irbid, 19 Mei 2019

Mwalimu Nuhad,

Sinia liliegemea sakafuni. Alichogeukia ni mtetemo, si sauti.

Sikukujibu kwa sababu nilipoisoma barua yako nilikuwa nimeshalijua jibu, na sikutaka mtu mwingine alijue. Siku kumi na saba nimekaa nalo. Tumeingia Ramadhani, mfungo nao una usingizi wake, nikawa najiambia ni njaa, nikifuturu nitafikiri vizuri. Nikifuturu nalala.

Jana nilishuka nikamwambia mama mkwe. Sikumwambia yote. Nilimwambia, "Panda unikalie mbele ya Mayar, umtazame uso. Mimi nitasimama mlangoni nyuma yake." Akaniuliza ni mambo ya kazi yako hayo? Nikasema ndiyo.

Akakaa, Mayar kati ya miguu yake na vile vibanio vyake. Mimi nikavua viatu nikasimama kwenye vigae vya baridi, nikaiweka mikono nyuma. Nikataka kumwita, Mwalimu, nikashindwa. Mdomo ulifunguka na nyusi zikapanda zenyewe, shingo ikatangulia mbele, mwili wote ukamwita kabla ya jina kutoka. Ndipo nilipojua sijawahi hata siku moja kumwita mwanangu kwa sauti peke yake. Nikafumba macho, nikaulaza uso kama unavyoulaza uso wa mhusika kabla hujaanza kazi. Nikaita.

Nikaita tena. Nikaita kwa nguvu.

Mama mkwe akaniuliza, "Utaita saa ngapi? Mgongo unaniuma."

"Nimeita, mama. Mara nne."

"Nimesikia kelele zako. Namngoja mtoto." Akamtazama Mayar, akanitazama mimi, akamtazama Mayar. "Ita tena," akasema taratibu. Nikaita, Mwalimu, nikaita mpaka jirani akagonga ukuta. Mayar akaweka kibanio chekundu juu ya goti la bibi yake, akachukua cha bluu.

Mama mkwe akamnyanyua akamweka kifuani. Halafu akasema, "Kumbe haikuwa kiburi. Nimemsingizia mtoto."

Mayar alipozaliwa walituambia turudi baada ya wiki mbili kwa kipimo cha masikio, mashine siku ile ilikuwa mbovu. Baada ya wiki mbili nilikuwa na homa ya maziwa, na Laith yuko Akaba. Nikasema wiki ijayo. Ndiyo hiyo wiki ijayo ninayoiandikia sasa.

Yale niliyokuambia kuhusu kuzaa, sijui nifanye nini yafutike. Nimeyasoma tena leo. Nilijua pa kukupiga, nikapiga hapohapo.

Miadi ya hospitali ni baada ya Idi.

Rudaina


Amman, 20 Mei 2019

Rudaina,

Ulipiga, ndiyo. Pameuma, ndiyo. Yamekwisha.

Ukirudi hospitali niandikie siku hiyohiyo, hata mstari mmoja. Kipande cha kumi na sita nimempa mwenzako. Usiniambie unaweza. Najua unaweza.

Nuhad


Irbid, 12 Juni 2019

Dada Nuhad,

Mstari mmoja: hasikii. Daktari amesema sikio la kulia halipati kitu, la kushoto linapata kidogo sana, mlio wa ngoma labda, ikiwa karibu.

Aliniuliza, "Nani anamlea?" Nikasema mimi. "Miezi kumi na tano, mama, hukuona?" Nikamwambia ananijibu. "Anakujibu nini?" Ningemwambia nini, ananijibu uso?

Laith alikuja Alhamisi. Alisimama nyuma ya mlango wa chumba anamwita, kisha akaingia bafuni akafungua maji. Alipotoka macho mekundu, akaniambia, "Kwenye simu ya video huwa ananicheka, Rudaina. Nikimwimbia anacheka." Nikamwambia anacheka kweli, Laith, ni kwamba anakicheka kile kidevu chako. Tukacheka wote wawili, kicheko kibaya.

Vifaa vya masikio tutapata mwezi ujao. Nimechoka mpaka nywele.

Rudaina


Irbid, 4 Agosti 2019

Dada Nuhad,

Umeandika mara tatu nami sijajibu. Kazi natuma, najua, na najua umeona ilivyo. Vijana wako wamesema Bibi Fidda amekuwa mti. Mwenzangu mmoja ameniandikia anauliza kama naumwa. Nikueleze.

Mayar ana vifaa wiki nne sasa. Tunaye mwalimu wa kumfundisha kusikia, binti wa watu, mvumilivu, simlaumu. Siku ya kwanza alinitazama nikimsalimia Mayar, akaniambia, "Mama, hapa ndipo tatizo lilipo. Uso wako unamlisha kila kitu, masikio yatafanya kazi ya nini?" Akanipa karatasi nizibe mdomo ninapomsemesha. Mikono mfukoni. Nyusi zilale. "Mwache atafute sauti," akasema.

Nikatii. Nilifikiri nimeshamharibia mwaka mzima kwa uso huu, acha niutunze. Nikaenda nyumbani nikawa ukuta. Asubuhi mpaka jioni namsemesha nyuma ya karatasi. Mama mkwe akiniona anasema, "Mtu akiingia ghafla atadhani tuna mgeni wa kuficha uso." Lakini naye akajitahidi, maskini, akawa anaongea na Mayar huku amefunika mdomo kwa ncha ya ushungi.

Wiki ya kwanza Mayar alikuja kuivuta karatasi. Alidhani ni mchezo wa kujificha. Akinyanyua nyusi kuniambia hataki, mimi sinyanyui kitu. Ananiwekea kiganja shavuni, analisukuma shavu juu, kama anajaribu kuniwasha.

Wiki ya pili akaacha kuivuta.

Wiki ya tatu akaacha kunitazama. Dada Nuhad, hujui kitu hicho. Nilikaa mbele yake hatua moja, na macho yake yakanipita kama napitwa na gari. Akawa anacheza ameuelekea ukuta. Hakulia hata mara moja. Angelia ningejua la kufanya.

Tumekuwa watu wawili tusio na lugha kwenye chumba kimoja. Nami ndiye niliyeizima.

Wewe umenifundisha miaka mitatu kutuliza mikono. Huyu naye ananiambia nitulize. Niambie kitu, nitafanya.

Rudaina


Amman, 5 Agosti 2019

Rudaina,

Nilikufundisha kutuliza mikono ya Bibi Fidda, kwa sababu alikuwa na jambo la kuficha. Wewe kwa mtoto wako unaficha nini?

Zaidi ya hapo sijui, na sitaki kujifanya najua. Lakini nilimuuliza anayejua. Mkuu wetu wa kutia rangi katuni ana dada anaitwa Hiyam, anafundisha watoto viziwi, naye mwenyewe ni kiziwi tangu kuzaliwa. Nilimweleza habari zako kwa maandishi. Aliisoma yote, akachukua kalamu akaandika chini: "Mtoto anaongea. Mama amenyamaza. Kwa nini?"

Yuko tayari kuja Irbid Jumamosi. Anakula kila kitu isipokuwa bamia.

Nuhad


Irbid, 18 Agosti 2019

Dada Nuhad,

Hiyam alikuja, bamia sikupika. Leo nilimwambia yule mwalimu wa kusikia. Nilijiandaa usiku na mchana, nikajua nitalia, sikulia.

Nikamwambia, "Vifaa atavaa. Hapa tutakuja kila wiki, na zoezi la karatasi tutafanya hapa, saa yako nzima, kama unavyotaka. Lakini tukitoka mlango huo uso wangu ni wa mwanangu, na mikono ni yake. Na lugha ya ishara tunajifunza."

Akasema, "Utamchelewesha kusema, mama."

"Anasema tayari. Hukumwona wiki ile ya kwanza?"

Akaniambia hilo si shauri lake lakini hatanikataza. Nilimshukuru, na nilimshukuru kwa dhati. Kila mtu anamvutia mtoto upande anaoujua.

Nilipofika nyumbani nilimkalisha Mayar kwenye godoro nikakaa mbele yake bila karatasi. Hakunitazama. Nikavimbisha mashavu. Nikafanya samaki, nikafanya mzee anayepiga chafya, nikafanya malimau yote niliyowahi kuuma. Nusu saa, dada. Mwisho akanitupia jicho pembeni, hivi, kama mtu aliyekopwa akaahidiwa mara nyingi. Akageukia ukuta. Akatupa jicho tena.

Kesho nitaendelea.

Rudaina


Irbid, 27 Septemba 2019

Dada Nuhad,

Kipande cha thelathini kitachelewa siku mbili. Sina udhuru, nimekiacha makusudi.

Hiyam ameshakuja mara sita. Wa kwanza kumpenda alikuwa mama mkwe, kwa sababu ndiye mtu pekee ambaye hawezi kumkatiza. Ananiambia, "Huyu mwanamke ana heshima, ukiongea anakutazama mpaka umalize." Amejifunza ishara kumi na mbili, tisa za vyakula. Mimi nilidhani nitakuwa mwepesi, kazi yangu si ni hii? Hiyam akanitazama wiki ya kwanza, akaandika kwenye daftari: "Unaigiza. Acha kuigiza, sema." Ikanichukua muda kuelewa. Bibi Fidda ananyanyua mkono ili mtazamaji aone anavyojisikia. Hiyam ananyanyua mkono kwa sababu anataka chumvi.

Mayar alirudi polepole. Kulikuwa na siku alinitazama dakika moja, siku alinitazama tano. Ishara tunamwonyesha, maziwa, paka, bibi, imekwisha. Anatazama sana mikono ya Hiyam, mdomo wazi. Yeye mwenyewe hakutoa hata moja. Hiyam anasema ngoja. Nimengoja. Nimechoka kungoja kuliko nilivyowahi kuchoka na kitu, lakini nimejizuia kumshika vidole nimkunjie, ingawa vidole vyangu vilikuwa vinawasha.

Leo Ijumaa, baada ya chakula, nilimlaza alale usingizi wake wa mchana. Nikakaa kwenye kompyuta. Baada ya robo saa mama mkwe akapanda na kikapu cha nguo, akapita mlango wa chumba, akasimama. Akaniashiria kwa kichwa nije.

Mayar alikuwa macho. Amelala chali, ametupa shuka, vifaa vimetolewa viko mezani. Mikono yake iko hewani juu ya uso wake, na inakwenda. Inakunjuka, inakunjika, vidole viwili vinagusana vinaachana, kiganja kinageuka. Niliona maziwa, au kitu cha jirani na maziwa. Niliona imekwisha. Mengine hayakuwa ishara ya mtu yeyote, ila yalikuwa na mwendo, yalikuwa yanapanda yanashuka kama mtu anayesimulia. Mara akasita, mkono mmoja umesimama hewani, akaufikiria. Kisha akacheka peke yake akaendelea.

Simu ilikuwa mfukoni. Sikumrekodi, usiniulize kwa nini.

Mama mkwe akaniinamia sikioni akanong'ona, sijui alikuwa anaogopa nani asisikie, "Anasema nini?"

"Sijui, mama," nikamwambia. "Hasemi na sisi."

Rudaina